Jina Lenye Droo Yake

Barua zenu nimezisoma. Mhariri kaniletea bahasha kumi na moja, na tisa kati yake zinauliza jambo lilelile: jina lenyewe ni lipi?

Sitalitaja. Nikilitaja, nusu yenu mtadhani nawasema ninyi, na nusu nyingine mtadhani namsema mjomba wenu. Itoshe kusema kwamba ukilipaza sokoni watageuka wauza nyanya watatu, mchukuzi mmoja na mnunuzi mwenye haraka, na hakuna atakayeshangaa kumwona mwenzake kageuka.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita: jina hilo lilikuwa la babu, likawa la baba, likawa langu. Mimi nikalichoka. Miezi mitatu nyuma niliingia ofisi moja yenye feni mbovu, nikaapa mbele ya karani, nikatoka na jina jipya ambalo hakuna mwingine analo. Nililitunga mwenyewe, herufi kwa herufi.

Baba, ambaye ni kinyozi, aliposikia alipanda ngazi na kopo la chokaa akanifuta kwenye bango la saluni yake. Kisha mke wangu akajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Alinisikiliza nikimsomea majina mapya kumi na mawili, akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake. Alisema hatarudi mpaka mtoto awe na jina ambalo babu yake atalitamka.

Hapo ndipo tulipoachana, mimi na ninyi.

Lakini kuna kitu sikuwaambia, na bila hicho hamtanielewa. Sikuwaambia habari ya droo.

Mimi ni fundi wa kudarizi. Karakana yetu inashona sare: ovaroli za mafundi mitambo, makoti ya wauguzi, mashati ya walinzi. Kazi yangu ni lile jina linalokaa juu ya mfuko wa kifuani. Kazi ikipungua bosi hapendi kutuona tumekunja mikono, kwa hiyo tunadarizi majina ya akiba kwenye vipande vya kitambaa. Si majina yote. Ni yale tu yasiyokosa mwenyewe. Majina matano yana droo zake kabatini. Mengine yote husubiri mpaka mtu aagize.

Droo ya jina langu ndiyo ya juu kabisa, na mpini wake umeshabadilishwa mara mbili kwa kuvutwa.

Miaka kumi na tatu nimelidarizi jina langu nikalitupia humo. Kwa uzi mwekundu, kwa wa bluu, kwa wa kijani. Siku moja nikaivuta droo nikaona vipande mia na ushei vimelaliana, vyote vinafanana, vyote vinangoja kifua chochote kitakachokuja. Nikajiambia, kumbe na mimi ni akiba tu. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa karani.

Sasa sikilizeni ya wiki hii. Imeanza Jumatatu ikaisha Jumamosi, na sijui kama nimetoka salama.

Nyuma ya karakana kuna benchi refu la kulia chakula cha mchana. Tulikuwa tukikaa hapo watu wanne wa jina moja: Kipara wa pasi, Miwani wa kukata vitambaa, Mrefu wa stoo, na mimi. Hakuna aliyetupangia. Mtu mwenye wajina wake kazini hatafuti pa kukaa.

Jumatatu Kipara akaja na bakuli lake.

"Wajina," akamwambia Miwani.

"Wajina," akamwambia Mrefu.

Akafika kwangu. Akasita kama mtu anayeshuka ngazi akakuta kidato kimoja hakipo.

"Bwana," akasema.

Hakuwa na ubaya. Alinisogezea hata chumvi. Lakini mtu aliyekuita wajina miaka kumi na tatu akianza kukuita bwana, chakula hakipiti.

"Jina Jipya, nipe hayo maji," akasema Mrefu.

Hilo ndilo nililobakiwa nalo. Jina nililolitunga, Mrefu alijaribu kulitamka wiki ya kwanza, akaliuma katikati, akalitema. Tangu hapo mimi ni Jina Jipya, na bosi naye kaliokota.

Kipara alipoinama kuchukua chumvi nikasikia harufu ya spiriti yenye ndimu. Nikashtuka. Spiriti hiyo baba huichanganya mwenyewe kwenye chupa zake, haiuzwi popote.

"Umetoka kunyolewa?" nikamuuliza.

Mrefu alicheka mpaka akapaliwa. Kipara hana kichwani hata unywele mmoja wa kuapia.

"Ninyolewe nini, bwana?" akasema, lakini hakucheka. Akafunika bakuli lake chakula kikiwa nusu, akarudi kwenye pasi.

Nikaliacha hilo lipite. Nilikuwa na langu la kuniumiza kichwa.

Jumanne jioni, baada ya kazi, nikaenda kwa shemeji. Akafungua mlango nusu, akajaza nafasi iliyobaki kwa mwili wake.

"Karibu, Baba..." akaanza, kisha akanyamaza makusudi. "Baba nani vile?"

"Ni mimi tu, shemeji."

"Mimi Tu ndiye mtoto? Basi hongera, Baba Mimi Tu. Pita."

Akaniangalia kifuani. Kwenye ovaroli yangu jina la zamani lilidariziwa moja kwa moja; nililifumua nikadarizi jipya pembeni yake, lakini matundu ya sindano hayajazibika. Ukikaza macho unalisoma jina la zamani pembeni ya jipya.

"Hata shati lako bado linakutaja," akasema, akaenda kumwita mdogo wake.

Mke wangu akaja na mtoto begani. Wiki tano tu, na nywele zimemfika machoni. Akaketi mbali nami, upande wa pili wa meza.

"Nesi amechoka," akasema. "Kadi ya kliniki imeandikwa Mtoto wa Kiume, na mbele yake mstari. Jumamosi ndiyo mwisho. Jumamosi lazima ule mstari ujazwe."

"Nimekubali," nikamwambia. "Mpe la mzee."

Akamhamishia mtoto bega la pili.

"Lile la droo?"

"Lile."

"Kwa nini leo?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Nikayaacha yote.

"Nimechoka kuitwa bwana," nikasema.

Na ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Nilishafikiria: mtoto akipewa jina lile, watu wataniita Baba Fulani, na Fulani ni lilelile nililolikimbia. Nililitupa mlangoni, litarudi kupitia kwa mwanangu, na mimi nilikuwa nikitamani kulisikia likiitwa nje ya dirisha, hata na muuza maziwa.

"Lakini si lako tena kulitoa," mke wangu akasema. "Ulilirudisha kwa karani. Nenda kamwombe mwenyewe. Akisema ndiyo, nafunga mzigo siku hiyohiyo. Akisema hapana, Jumamosi naandikisha mimi jina ninalolijua mimi, na hutaniuliza."

"Sitakuuliza."

"Vizuri."

Nikaomba kumbeba mtoto. Alikuwa na joto kama mkate, ananitazama mdomo. Nikataka kumwita, nikakosa kwa kuanzia.

"Wewe," nikamwambia. "Ee, wewe."

Mke wangu akageuza uso upande wa ukutani.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Jumatano nikaomba ruhusa mchana, nikaenda saluni kwa baba.

Lile bango alilipaka wiki niliyozaliwa. Juu jina lake, katikati maneno "na mwanawe", chini jina langu, ambalo ni lilelile. Watu wa mtaa waliliona hivyo miaka thelathini na nne, mpaka alipokuja na chokaa. Tangu siku ile nilikuwa nikipita barabara ya nyuma ili nisilione lile doa jeupe.

Siku hiyo nikanyanyua macho, na doa halikuwepo.

Chokaa kilikuwa kimekwanguliwa. Jina la pili lilikuwa limepakwa upya, kwa rangi nyekundu, herufi zimenyooka. Ngazi ilikuwa bado imeegemezwa ukutani; nikapanda vidato viwili, nikagusa herufi ya mwisho. Kidole kikarudi chekundu, rangi haikuwa imekauka.

Nikashuka, nikasimama pale barabarani nikalia, na sioni haya kuwaandikia. Mzee kanisamehe kabla sijaomba. Nikajifuta uso, nikaingia.

Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Baba alikuwa akimkata wa tatu, mgongo umenielekea.

"Karibu, mteja," akasema kwenye kioo. "Andika jina, kaa."

Pale saluni kuna ubao mweusi na kipande cha chaki. Kila anayeingia anaandika jina lake chini ya waliotangulia, na baba anaita kwa foleni. Hata hakimu akija anaandika. Nikadhani ananitania. Nikashika chaki, nikaandika jina la zamani. Nilisikia raha mkononi, kama kuvaa kiatu chako mwenyewe baada ya kuazima.

Baba akamaliza, akakung'uta shuka, akaita jina letu.

Nikasimama. Fundi baiskeli aliyekuwa pembeni yangu naye akasimama.

"Mimi nilitangulia, wajina," akaniambia kwa upole, akanionyesha ubaoni. Kweli, jina lilikuwepo mara mbili, na lake lilikuwa juu.

"Namwita yeye," baba akasema. "Wewe mteja, kaa."

Nikakaa. Ilipofika zamu yangu hakuita jina. Alinyoosha kidole kwenye kiti.

"Tupunguze au tuondoe?"

"Baba."

"Tupunguze au tuondoe, mteja?"

"Tupunguze."

Akanifunga shuka shingoni. Ndipo nikaiona mikono yake kwenye kioo. Ilikuwa inatetemeka. Mkasi ulifika sikioni, ukasita, ukatafuta njia. Baba ninayemjua mimi angeweza kumnyoa mtu anayecheka.

"Mikono yako imeanza lini hivyo?"

"Ina miezi mitatu."

Sikuuliza zaidi. Nikajikaza nikaleta nililokuja nalo.

"Nimeliona bango, baba. Nashukuru."

Mkasi ukasimama.

"Unanishukuru kwa lipi?"

"Kwa kulirudisha jina langu."

Wateja wakaacha kuzungumza.

"Jina lako mimi hata silijui kulitamka," akasema. "Lile pale juu ni la kijana wangu wa hapa."

Pazia la nyuma likafunguka. Akatoka Kipara, beseni la maji ya moto mikononi, taulo begani, amevaa koti jeupe la kinyozi. Kifuani kwake kulikuwa na kitambaa cha jina, uzi wa kijani. Nilikijua mara moja. Uzi wa herufi ya mwisho mimi huufunga upande wa kushoto, hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo pale karakana. Ni mkono wangu. Kilikuwa kimoja cha vile vya akiba.

"Bwana," Kipara akasema, akaangalia maji.

Ningeondoka, lakini shuka ilikuwa shingoni na mke wangu alikuwa akingoja jibu.

"Baba, nimekuja kuomba jina. La mjukuu wako."

"Lipi?"

"Lako."

"Lile la kuchosha?" Akarudi kukata. "Si ulisimama hapohapo ukaniambia ni la kila mtu? Ukasema ukiliita, hata mbuzi anageuka?"

"Nilisema, baba."

"Basi tafuta lisilogeuza mbuzi."

Fundi baiskeli, ambaye hakuwa ameondoka, alikohoa kuficha kicheko.

"Sijakunyima," baba akaendelea. "Lichukue. Watu wanalichukua kila siku bila kuniuliza, na wala siwajui. Lakini useme limetoka kwangu? Hapana. Langu nililitoa mara moja, likarudishwa ofisini. Sitoi tena."

Mnaona nilipofika. Maelfu wanalo jina lile. Mtu yeyote angeweza kumpa mtoto wake siku hiyohiyo na kuendelea na kazi zake. Ni mimi peke yangu niliyehitaji ruhusa, na nilikuwa nimenyimwa.

Baba akanipaka spiriti, akanishukuru kwa kufika, akaita anayefuata. Barabarani nilijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Baba hajawahi kumkosea mteja.

Kipara akanifuata nje, bado na taulo.

"Usidhani nimekuibia," akasema.

"Umepanda ngazi ukaandika jina lako juu ya langu."

"Mzee alinituma. Mikono yake haishiki brashi." Akajifuta upara kwa lile taulo. "Nilikuja Jumapili ile baada ya wewe kubadilisha. Nilikuja kumpa pole tu, kama wajina. Nikamkuta anakata, anafagia, anachemsha maji, vyote mwenyewe. Nikashika ufagio. Jumapili iliyofuata nikaja tena. Sasa naja hata siku za kazi, kila bosi akiniruhusu mchana."

"Una umri wa miaka arobaini, Kipara. Mtu anajitafutia baba na miaka arobaini?"

"Mimi sina baba, bwana. Nililelewa kwenye kituo cha watoto. Jina nilipewa na karani pale, kwa kuwa ndilo lililomjia kwanza mdomoni. Nimelibeba hivyohivyo." Akaangalia bango. "Siku moja mzee aliliita. Dukani hapakuwa na mtu mwingine, na alikuwa ananitazama mimi. Nikaitika."

Nilikuwa nimekunja ngumi. Nikaikunjua. Ningempiga kwa kosa gani, la kuitika?

Alhamisi sikwenda kwenye benchi. Nilikula nimesimama stoo, kati ya marobota ya kitambaa. Mrefu alinikuta huko, akanitazama, akafunga mlango taratibu asinisumbue. Afadhali angenisumbua.

Ijumaa kazi ilipungua. Bosi akapita na orodha yake.

"Jina Jipya, droo ya juu inakaribia kuisha. Ijaze."

Nikadarizi jina la zamani kutwa nzima, vipande ishirini na viwili. Mke wa jirani akizaa, au wa mtu baki, kuna kifua kitakachokivaa kimoja miaka ijayo. Kila kimoja nilikifunga kwa kushoto na kukitupia droo, na kila kimoja kiliniuma zaidi ya kilichotangulia.

Jioni nikaingia kwenye nyumba yangu yenye vyumba viwili. Kitanda cha mtoto kilikuwa bado kwenye boksi lake. Nikakaa sebuleni. Ukweli ni kwamba kwa miezi mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameniita kwa jina nililolitunga. Karani alilisoma mara moja, basi. Nikataka kulisikia linavyosikika.

Nikajiita. Niliita kwa sauti ya mke wangu, anavyoita akiwa jikoni. Nikaita kwa sauti ya bosi. Nikaita kwa sauti ya baba, ile ya foleni. Lilikuwa jina zuri, nasema kweli. Lakini kujiita na kujiitikia mwenyewe kunakinaisha haraka, nikanyamaza.

Kabla giza halijaingia shemeji akapita, hakutaka hata kukaa.

"Mke wako anasema mzee hajasema ndiyo, habari tumezipata. Kesho asubuhi anaenda kliniki kuandikisha. Akitoka huko anampeleka mtoto kwa babu yake akapunguzwe nywele, maana hata macho hayaoni. Anasema ukitaka, uwepo."

"Ameamua jina gani?"

"Si ulisema hutauliza?"

Litakuwa la upande wao, nikawaza, la baba mkwe, au la kaka yake aliye mbali. Mtoto atakua akiitwa na watu wanaomjua, na mimi nitakuwa baba yake wa jina ambalo halikutoka kwangu wala kwa baba yangu. Majuto ni mjukuu, walisema. Mimi nilikuwa na majuto, na mjukuu alikuwa wa wenzangu.

Jumamosi saa tatu nilikuwa saluni. Sikuandika ubaoni. Nilikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, mahali anapokaa mtu asiyejua kama atabaki. Kipara alikuwa akifagia. Tulisalimiana kwa kichwa.

Mke wangu akaingia, mtoto amelala begani, kadi mkononi. Baba alibadilika sura. Akaacha mkasi, akanawa, akafuta kiti ambacho kilikuwa safi tayari.

"Karibu, mwanangu. Karibu sana. Leo mteja mkubwa." Akachukua chaki yeye mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. "Huyu hajui kuandika, namwandikia mimi. Jina la mtoto?"

Mke wangu akampa kadi.

Baba hana miwani dukani. Aliishika kwa mbali, midomo ikacheza. Akaisogeza. Akaisogeza tena.

"Hili ni nini?"

"Ndilo jina lake, baba."

Akanitazama kwenye kioo. Nikainuka, nikaichukua ile kadi mkononi mwake. Mstari ulikuwa umejazwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa nesi, herufi kwa herufi kama nilivyozipanga mimi.

Lilikuwa jina langu. Lile jipya.

"Nani kakwambia ufanye hivi?" baba akauliza.

"Wewe, baba," mke wangu akasema. "Siku nilipoolewa ulinikalisha kwenye benchi hilo ukaniambia nyumba hii mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba yake. Nimefanya hivyo. Nimetoa la baba yake, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nesi ameniuliza mara tatu linavyoandikwa."

"Mimi nilikuwa na maana ya..."

"Najua ulikuwa na maana gani." Akamweka mtoto vizuri begani. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini Kipara aliacha kufagia. "Wewe una wajina mtaa mzima, baba. Hata kaka huyo mwenye ufagio ni wajina wako. Mume wangu dunia nzima hana wajina hata mmoja. Nimemletea mmoja."

Katika majina yangu kumi na mawili, hili halikuwemo. Niliona haya na nilifurahi, vyote kwa pamoja. Sikuweza hata kumtazama.

"Nilisema sirudi mpaka mtoto apate jina ambalo babu yake atalitamka," akasema. "Mimi nimemaliza langu. Mzigo uko nje, dada ameushika. Sasa ni wewe, baba."

Baba aliigeuzageuza chaki. Ilimvunjikia vidoleni. Akaomba kadi, nikampa. Wateja waliinamisha vichwa kama watu wanaotafuta kitu sakafuni.

"Linaanzaje?" akauliza.

Akajaribu. Akaliuma katikati kama Mrefu. Akarudi mwanzo. Alilipitia kimoyomoyo, kidole kikifuata herufi. Kisha akaiweka kadi juu ya meza ya mikasi, akachukua shuka, akaikung'uta, akasimama nyuma ya kiti kama anavyosimama siku zote.

Akaliita. Lote, kwa ile sauti ya foleni.

Sikuitika. Miezi mitatu nimengoja mtu aliite, na baba yangu mzazi alipoliita nikabaki nimesimama, kana kwamba kuna mtu mwingine chumbani anayetakiwa. Nilikuwa sijalizoea.

Akaliita tena.

Mtoto akaamka, akakohoa kidogo. Mimi nikapiga hatua moja kuelekea kiti, kisha nikakumbuka neno lake la Jumatano, "Wewe mteja, kaa," nikasimama. Mke wangu naye hakusogea. Baba alikuwa ameinua shuka, macho yake yako katikati yetu, yananisubiri mimi au yanamsubiri mwanangu, na sikujua kati yetu wawili anayeitwa ni nani.